Gazeti la Sokwe na Somo la Kusoma Picha

Mwanafunzi akikutwa na gazeti la hadithi za picha chini ya dawati, desturi ya walimu wengi ni kumnyang'anya. Sisi tunaofundisha mbinu za kufundishia lugha tuliona vema, kabla ya kutoa hukumu, tukae na gazeti moja la namna hiyo tulisome ukurasa kwa ukurasa, kama tusomavyo kitabu cha kiada. Tulilolichagua ni la zamani: Planet of the Apes, lililotolewa na kampuni ya Marvel huko Marekani tangu Agosti 1974 hadi Februari 1977, jumla ya matoleo 29.

Asili yake ni riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya mwaka 1963, iliyozaa filamu tano kati ya 1968 na 1973. Katika filamu ya kwanza wanaanga wanatua katika nchi wanamotawala sokwe wenye lugha, na watu huwindwa kama wanyama wa porini. Mtafsiri mwenye haraka angeiita Sayari ya Nyani, lakini nyani tunayemfahamu sisi, mwizi wa mahindi shambani, hamo kabisa katika hadithi hii. Waliomo ni magorila, ambao ni askari. Orangutani, ambao ni walinzi wa dini na sheria. Na sokwe, ambao ni wataalamu.

Gazeti lilipigwa chapa bila rangi. Sehemu kubwa ya hadithi zake iliandikwa na Doug Moench, na iliyo bora, kwa maoni yetu, ni ile ya Jason, kijana wa kibinadamu, na rafiki yake Alexander, ambaye ni sokwe. Magorila waliojifunika nyuso huwashambulia watu usiku, na kiongozi wao ni Brutus, yule yule aliyekabidhiwa kulinda amani. Mchoraji wake wa kwanza, Mike Ploog, aliwahi kumsaidia Will Eisner kuchora gazeti la jeshi la Marekani lililowafundisha askari kutunza magari na zana zao. Asomaye picha zake kwa makini ataona kuwa alijifunza kazi mahali ambapo picha isiyoeleweka ilikuwa hasara.

Je, gazeti hili lifae darasa la tano? Hapo ndipo tulipobishana kwa muda mrefu. Kumfananisha mtu mweusi na nyani ni tusi la miaka mingi, na lingali likitupwa hata leo katika viwanja vya mpira vya Ulaya. Filamu ya nne, ya mwaka 1972, inasimulia maasi ya sokwe waliofanywa watumwa, na waliyoitengeneza walichota taswira zake katika ghasia za Watts, Los Angeles, za mwaka 1965. Yamkini nia yao ilikuwa kumtetea mnyonge. Hata hivyo mtoto wa miaka kumi na mmoja haoni nia, huona picha. Kwa hiyo hatulipeleki huko. Tunalisoma na wanachuo, ambao wana umri wa kuuliza ni nani amechorwa, na ni nani aliyeshika kalamu.

Jambo lililotunufaisha zaidi lilitokea Uingereza. Tawi la Marvel la huko lilitoa gazeti hilo kila wiki, na hadithi za Marekani, zilizotoka polepole, hazikutosha. Mwaka 1975 wahariri walichukua hadithi nyingine kabisa, ya shujaa Killraven anayepigana na wavamizi kutoka Mirihi, wakachora vichwa vya sokwe juu ya vichwa vya wavamizi, wakabadili maneno, na shujaa wakamwita Apeslayer. Mikono, mikuki na magofu ya mji vilibaki vile vile. Maadui wakawa wengine.

Baada ya kuyajua hayo tulibuni zoezi. Tunachagua ukurasa mmoja wenye picha sita, tunafunika viputo vya maneno kwa karatasi nyeupe, kisha tunagawa nakala kwa vikundi viwili. Kila kikundi kiandike mazungumzo kwa Kiswahili sanifu bila kuchungulia cha wenzake, halafu visomewe darasa zima. Karatasi ya kufunikia iwe nzito, maana nyepesi huonyesha maandishi na kuharibu zoezi lote. Mwalimu asiseme lolote hadi vikundi vyote viwili vimalize kusoma.

Muhula uliopita kikundi cha kwanza kiliandika kwamba gorila aliyemshika kijana mkono anamwokoa asianguke shimoni. Cha pili kiliandika kwamba anamkamata. Tuliwataka waonyeshe katika mchoro ni mstari gani unaothibitisha usemi wao. Walihesabu vidole, walipima upande wa macho, walitazama jinsi miguu ilivyokanyaga, na saa ya chakula ilifika wakiwa bado wanabishana juu ya kivuli kilichokuwa nyuma ya gorila.