Tusiukimbilie Mpira



Ndugu mhariri alitaka niandike juu ya kupanga mstari asubuhi, kwani mimi ni doyen wa wanafunzi na ndiyo kazi yangu. Juu ya mstari nimesema mara nyingi, na masikio mnayo. Leo nataka kuandika juu ya mpira. Kisha ekzame ya Leta sitakuwa tena hapa, na ekipe itabaki mikononi mwa wale ambao siku ya matchi ya kwanza walikuwa pembeni wanatucheka. Ni kwao ninaandika.

Ile matchi ya kwanza mnaikumbuka. Tulivuka mto na mtumbwi wa mota, tukacheza na shule moja ya ng'ambo, tukarudi Lubunga na magoli matano kwa sifuri. Wengine walisema tumerogwa. Wengine walisema ni arbitri. Mimi nilikuwa ndani, numero 6, na ninawaambia kwamba arbitri alikuwa mtu wa haki. Wale vijana hawakutushinda nguvu wala mbio. Wao wanapitishiana mpira tu. Mmoja anagusa, anaachia, anatembea hatua tatu, anapokea tena. Mwenzetu mmoja wa akiba alikaa pembeni na kalamu akahesabu: mbele ya goli la pili walipitishiana mara 14, na sisi hatukuugusa hata mara moja.

Sisi tulifanya nini? Tulikimbia. Mpira ukienda kuume, watu watatu kuume. Ukirudi kushoto, wale watatu tena kushoto, ulimi nje. Lakini mpira hauchoki, miguu ndiyo inachoka. Tena kuna jambo baya kupita kuchoka. Ukiacha nafasi yako, umeacha mlango wazi. Mwenzako wa nyuma anatoka kuja kufunga ule mlango wako, naye anaacha wake. Pasi ya tatu inamkuta mtu peke yake mbele ya goli, na mlinda mlango wetu anapiga magoti sawa mtu anayeomba huruma. Magoli yote matano yaliingia kwa njia hiyo. Nimeyarudia kichwani mara nyingi usiku, ninajua ninachosema.

Katika mtumbwi wa kurudi tuligombana. Kila mtu alikuwa na wa kumshitaki. Wawili tu hawakusema kitu, stopa na libero wetu. Mmoja alikaa mbele kabisa ya mtumbwi, mwingine nyuma karibu na mota.

Hapa lazima niseme neno ambalo katika bulletin yetu hatulisemi mara nyingi. Mwezi wa pili 2023 palianza vita vya ardhi hapa Lubunga, kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola. Sina haja ya kuwasimulia ninyi, mlikuwepo. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jamaa nyingi zilikimbia, wengine wakavuka mto na mikeka kichwani. Stopa wetu ni wa upande mmoja, na libero ni wa upande wa pili. Sitaandika yupi ni nani. Tangu wakati ule walikaa kelasi moja bila kuitana jina. Kuazimana kalamu, ndiyo, lakini kwa mkono wa mtu wa tatu. Na sisi tuliwaweka hao wawili katikati ya mabeki, mmoja nyuma ya mwingine, halafu tukashangaa kwamba katikati pamepasuka.

Juma lililofuata mwalimu wa michezo aliniita pamoja na kapiteni, akasema: "Mutafute mpango. Mimi nitasikiliza."

Mimi nilikumbuka Moroko. Tarehe 6 Desemba 2022 niliona ile matchi yao na Hispania katika kombe la dunia kule Qatar, ndani ya nyumba moja ya video karibu na bandari ya mitumbwi, jenereta ikilia kuliko televizio. Hispania walipiga karibu pasi 1000. Elfu moja! Na katika dakika 120 mpira wao mmoja tu ndio ulilenga goli. Ile siku nilichoka, nilisema Waafrika wamelala, mbona hawaendi kuchukua mpira? Sikuelewa. Mabeki wanne walikuwa mstari mmoja, mbele yao watu watano karibu karibu, na Amrabat akizunguka katikati ya mistari miwili sawa mlinzi wa duka. Waliwaachia Wahispania mpira pale usipouma, nyuma kule na kandokando. Katikati, hapana. Sifuri kwa sifuri, kisha penalti tatu kwa sifuri, Bounou akiwa langoni. Mpaka nusu fainali walifungwa goli moja tu, na hilo walijifunga wenyewe, mbele ya Kanada.

Niliposimulia hayo mbele ya ekipe, wengine walicheka. "Wale beko na wachezaji wa Ulaya, doyen. Siye tuko na nani?"

Mwalimu akawajibu na habari ya 1974. Mwaka ule Zaïre ilikuwa bingwa wa Afrika, na ikaenda kombe la dunia kule Ujerumani. Tarehe 18 Juni Yugoslavia iliwafunga tisa kwa sifuri. Siku nne baadaye watu walewale walicheza na Brazil, bingwa wa dunia wa 1970, wakafungwa matatu tu. Je, ndani ya siku nne miguu ilibadilika? Wachezaji wenyewe walieleza nyuma kwamba mbele ya ile matchi ya tisa walijua franga walizoahidiwa hazitawafikia, na moyo wa ekipe ulikuwa umevunjika. Mwalimu alisema mabeki wasioaminiana wanapigwa tisa hata kama ni mabingwa. Hakuwatazama stopa na libero, lakini sisi wengine wote tuliwatazama. (Mpaka leo dunia inamcheka Mwepu Ilunga, aliyetoka mbio ndani ya ukuta akaupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazil. Babu yangu hacheki. Anasema mtu aliyechoka na kuonewa anafanya vile.)

Kisha mwalimu akauliza: "Wagenia kule kwenye maporomoko, banakimbilia samaki?" Hapana. Wanasimika miti mirefu katika matundu ya mawe, wanafunga vikapo vyao vikubwa pale maji yanapobanwa, na samaki analetwa na maji yenyewe. Kazi yote ni kujua maji yatapita wapi.

Basi mpango wetu ulikuwa huu. Nauandika wazi, kwani wale wa ng'ambo wamekwisha kuuona kwa macho.

Mabeki wanne, watano mbele yao, mmoja peke yake juu. Kati ya mstari na mstari, hatua kumi, zisizidi. Mabeki wao wakipitishiana, tuwaache, hata dakika tano. Pasi ya kando haina neno. Mtu asitoke mpaka aone moja ya mambo matatu: mpira umefika kwenye chokaa ya pembeni, ambapo chokaa yenyewe ni beki wetu, au mchezaji wao amepokea akiwa ametupa mgongo, au mpira umemruka mguuni. Hapo wanatoka wawili pamoja, mmoja kwenye mpira, mwingine kwenye njia ya pasi, na wengine wote wanasogea upande ule. Mimi numero 6 nisimfuate numero 10 wao. Nikae pale anapopenda kupokelea, katikati ya mistari miwili, akija anikute nyumbani kwake. Na tukiupata mpira, tusiupige ovyo angani. Pasi ya kwanza kwa kijana wetu wa kushoto mwenye mbio, maana wao wakishambulia wanaacha nyuma watu wawili tu.

Kwa mdomo ni rahisi. Uwanjani hatukuweza. Ndipo mwalimu akaleta kamba. Alimwomba mama wa jiko kamba ya kisima, akaikata vipande vitatu vya mita 8, akataka kuwafunga mabeki wanne kiunoni, ili mmoja akisogea wote wasogee.

Stopa akasema: "Mimi sifungwi na ule."

Libero akasema yeye pia.

Tulinyamaza wote. Mimi kama doyen nilitaka kusema neno, sikulipata. Mwalimu hakukasirika. Alikunja kamba, akasema: "Muzuri. Tutacheza na mabeki wawili, na ninyi wawili mtakaa benchi moja pamoja, dakika 90." Wakatazamana. Sijui nani aliinua mikono kwanza. Walifungwa.

Siku ya kwanza walianguka mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Mmoja akipanda bila kusema, mwingine anaburutwa. Na ndiyo ilikuwa akili ya mwalimu, nilielewa nyuma: mtu aliyefungwa kamba lazima aseme, ama sivyo ataumia. Tulichagua maneno matatu tu. "Panda", mstari wote unasogea mbele. "Rudi", unarudi. Na la tatu, "Niko nyuma". Hili ndilo kubwa. Beki anayetoka kwenda kwenye mpira anaacha kisogo chake kwa mwenzake. Kama hakusikia "Niko nyuma", ataenda nusu tu, na nusu ndiyo inayopigiwa pasi. Juma la kwanza lile neno la tatu halikutoka. Walisema "panda", walisema "rudi", sauti kavu sawa askari. Juma la pili, siku moja mvua ikinyesha, nililisikia mara moja, chini chini. Juma la tatu tulifungua kamba na bado walitembea kama wamefungwa.

Matchi ya pili ilichezwa hapa kwetu, Jumamosi kisha saa sita, uwanja umelowa, umejaa mpaka watu wa toleka walipanda juu ya baiskeli zao kuona. Kipindi cha kwanza wale wa ng'ambo walipitishiana mpira mpaka watu wakachoka. Watu wetu walitutukana. Mama mmoja alipiga kelele: "Munaogopa mpira juu ya nini? Muende mukamate!" Hakuna aliyetoka. Mitan, sifuri kwa sifuri, na niliona numero 10 wao anagombana na wenzake. Yule kijana, kule kwao, hakugombana na mtu.

Kipindi cha pili, mpira ukafika pembeni kwenye matope, ukamruka beki wao. Stopa wetu akatoka. Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu libero akisema "Niko nyuma, nenda!" na stopa akaenda mzima mzima, akauchukua, pasi moja kwa kijana wa kushoto, goli. Msiniulize furaha ile. Mkurugenzi mwenyewe alikimbia hatua kadhaa, kisha akakumbuka yeye ni nani.

Goli lao la kusawazisha ni langu mimi. Zilibaki kama dakika kumi na tano. Watu walikuwa wanaimba, niliona mpira karibu na mguu wa numero 8 wao, na nilisema moyoni huu ninaupata. Niliyeandika mpango, niliyewafokea wengine juma tatu, nikaacha nyumba yangu nikaukimbilia mpira. Pasi moja ikanipita. Ya pili ikamkuta numero 10 pale pale nilipopaswa kuwa. Alipiga chini, pembeni. Mlinda mlango hana kosa. Mwaka mzima ninawaadhibu wadogo wanaotoka katika mstari, basi mwenye kutaka kunicheka acheke.

Dakika za mwisho zilikuwa mateso. Mara mbili libero aliteleza kwenye matope, na mara mbili stopa alikuwa nyuma yake. Moja kwa moja. Hawakukumbatiana arbitri alipopiga filimbi. Walivua viatu, kila mmoja akashika njia yake ya nyumbani, na njia zile hazielekei pamoja. Lakini Jumatatu niliwakuta nyuma ya kelasi wanabishana kwa kelele juu ya kona moja, nani alipaswa kuruka. Sikuwaandika katika daftari la makosa.

Kwa wadogo watakaochukua nafasi zetu: anzeni na kamba, msianze na mpira. Numero 6 atakayekuja baada yangu, afunge masikio yake wakati watu wanaimba. Mlinda mlango aseme zaidi, mwaka huu alinyamaza mno. Na vile vipande vitatu vya kamba viko kwangu, havifai tena kisimani, na mama wa jiko bado anatudai kamba mpya. Kila mchezaji alete franga 500 kwangu mbele ya Ijumaa, na mimi nitaleta 1000 juu ya lile goli.