Gari la Kwanza na Posho Yake

Siku hizi katika vijiji vyetu vya Unyamwezi, fedha ya tumbaku au ya mpunga ikiingia, neno la gari huingia pamoja nayo. Zamani kijana akipata fedha aliwaza baiskeli na mabati ya nyumba. Baadaye ikawa pikipiki. Sasa hata mkulima wa kawaida, akisaidiana na nduguze, aweza kupata gari lililokwisha tumika. Jambo hili ni jema. Lakini nimeona nyumba mbili tatu ambako gari lililopokewa kwa vigelegele sasa limelala chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye viti vyake, na ng'ombe waliouzwa kwa ajili yake hawatarudi tena zizini. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi sisi tulivyochagua gari letu la kwanza. Huenda ikamfaa mtu.

Sisi tu ndugu watatu, na kijiji chetu kiko kilometa 40 kutoka Tabora mjini, nyingi zikiwa za udongo. Kiangazi ni mchanga na vumbi. Masika ni matope meusi ya mbuga, yashikayo gurudumu kama ulimbo. Mama yetu ana ugonjwa wa shinikizo la damu, naye hupaswa kwenda Hospitali ya Kitete kila mwezi. Masika moja alikwenda nyuma ya pikipiki, amefungwa kwa kanga pamoja na mjukuu wake aliyeketi nyuma yake, ili kizunguzungu kisimwangushe. Tulipomwona akiondoka hivyo katika manyunyu, tulitazamana bila kusema. Jioni ile tukakaa kikao. Baada ya mavuno mawili tulikuwa na shilingi milioni 12.

Mdogo wangu alitaka gari kubwa, jeusi, lililoinuka. Akasema, "Kaka, tukinunua gari tununue la kuonekana."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Akamjibu bila kuinua macho, "Shemeji, likishaonekana litakula nini?"

Tulicheka wote. Lakini swali hilo lilikuwa na akili kuliko maneno yote ya usiku ule.

Wazee wetu walilijua vizuri. Nchi yetu ilisimama juu ya njia ya misafara itokayo Bagamoyo, ipitayo Unyanyembe na kushuka Ujiji ziwani. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Kwihara mwezi Juni. Mizigo yao ilibebwa na watu, kila mpagazi kilo 30 hivi, na Wanyamwezi walisifika kuliko wote katika kazi hiyo. Je, mizigo ile ilikuwa nini? Sehemu kubwa ilikuwa vitambaa vya merikani, shanga na nyaya, na hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Kwa hivyo walinunua posho, na kwa hivyo walilipa hongo, maana wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, wala haikuwa rushwa kama tuelewavyo leo. Mkuu wa msafara asiyehesabu posho na hongo kabla ya kuondoka, alikwama porini na mizigo yake yote.

Basi gari nalo ni msafara. Hununuliwa siku moja, hulishwa siku zote. Tulichukua daftari la mtoto wa shule tukaandika. Safari mbili za mjini kwa juma ni kilometa 160. Kwa mwaka ni zaidi ya kilometa 8,000. Gari dogo lendalo kilometa 12 kwa lita moja katika njia yetu litakunywa karibu lita 700. Tukikadiria petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hapo bado oili, bado matairi, bado bima, bado fundi. Gari kubwa alilolitaka mdogo wangu lingekunywa karibu mara mbili. Alipoona hesabu hiyo alinyamaza, kisha akasema mwenyewe, "Hilo litatula sisi." Tukakata shauri: milioni 9 na nusu kwa gari, milioni 2 na nusu zibaki kuwa posho, wala zisiguswe hata muuzaji akilia machozi.

Jambo la pili tulilojiuliza ni kazi ya gari. Watu wengi huanza na jina la gari, kisha hulitafutia kazi. Sisi tuliandika kazi kwanza: kumpeleka Mama hospitali, kupeleka magunia ya mpunga na madumu ya asali sokoni, kubeba watu watano Jumapili. Kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo ya mizigo, ina injini ndogo na kula kwake ni kudogo, lakini mbele hukaa watu wawili tu, nasi hatukutaka kumweka mgonjwa nyuma pamoja na magunia. Toyota IST ni nzuri kwa mjini, ila uvungu wake ni mfupi kwa mashimo yetu. Mwisho tukaelekea kwenye Toyota Probox. Haina urembo wowote. Ilitengenezwa kwa kazi, nyuma ina nafasi ya mizigo, na spea zake hupatikana Tabora bila kuagiza mbali. Hilo la spea ni kubwa. Gari ambalo spea yake yatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800, litakuweka kituoni majuma mawili kwa ajili ya kitu kidogo kama ngumi.

Wengine walitushauri tuagize Japani wenyewe. Magari mengi yaliyotumika katika nchi yetu hutoka huko, kwa sababu Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, na usukani uko kulia kama wetu. Lakini bei uionayo Japani ni mwanzo wa njia tu. Kuna nauli ya meli, kisha ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa ambao hufuata ukubwa wa injini, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingizwa. Tanzania huliruhusu, lakini gari dogo la abiria lililozeeka hutozwa ushuru wa nyongeza kwa uchakavu wake. Hivyo gari la bei ndogo kwa sababu ya uzee laweza kuishia kuwa ghali. Mtu atakaye kuagiza, atazame kwanza kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kilicho katika mtandao wake, aone kodi yote kabla ya kutuma hata senti moja. Sisi tulipokwisha kukokotoa, tuliona fedha yetu yatosha gari lililokwisha kuwapo nchini.

Hapa yafaa niseme juu ya namba. Madalali husema, "Hili ni namba D, lile ni namba E," na bei hupanda kwa herufi hiyo. Herufi ile huonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania. Haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la namba E laweza kuwa limetengenezwa mwaka 2004, nalo la namba D likawa limetengenezwa mwaka 2008. Ni kweli kwamba namba mpya huashiria gari halijateswa sana na barabara zetu, na hilo lina thamani yake. Lakini usilipe milioni kwa ajili ya herufi peke yake. Fungua mlango, vuta mkanda wa kiti mpaka chini. Mara nyingi kuna kitambaa kidogo chenye mwaka wa kutengenezwa. Mkanda hausemi uongo kwa urahisi kama dalali.

Tulimchukua fundi wa gereji tunayemjua, tukamlipa kwa siku yake. Wako wanaoona uchungu kumlipa fundi kwa kutazama tu. Ndugu yangu, hiyo ndiyo fedha ndogo kuliko zote utakazotoa. Alitufundisha kwenda asubuhi, injini ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika, ili ubovu wa kuwaka usionekane. Alitufundisha kutazama moshi. Wa buluu maana yake injini yala oili. Mweusi, petroli haiungui sawasawa. Mweupe usiokoma hata injini ikisha pata moto, huenda maji ya rejeta yaingia ndani. Kisha hufungua kifuniko cha oili: akiona utando kama maziwa, hufunga na kuaga kwa heshima.

Kuhusu kilometa zilizoandikwa kwenye dashibodi, alisema zaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo tazama vitu visivyorudishwa: pedali ya breki iliyolika, usukani uliong'aa kwa mikono, kiti cha dereva kilichobonyea. Tairi nalo lina umri wake. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mengi lakini limekauka kwa uzee, laweza kupasuka likiwa na watoto wako ndani.

Gari la kwanza tuliloliona lilikuwa safi hata mdogo wangu alikwisha kaa kwenye usukani. Fundi aliinama akasoma namba ya chesesi, akailinganisha na kadi ya gari. Tarakimu mbili hazikulingana. Muuzaji akasema ni kosa la mwandishi tu, tena akashusha bei kwa laki tano papo hapo. Mke wangu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mtu hupunguza bei upesi hivi akiwa na haraka ya kuondoka." Tukaondoka sisi. La pili lilikuwa na kadi sawa, lakini lilivuta upande wa kushoto kila tulipokanyaga breki, na chini yake kulikuwa na alama za kuchomelewa. La tatu ndilo tulilolichukua, Probox nyeupe, namba D, ina mkwaruzo mrefu mlangoni. Mkwaruzo ule ulitupunguzia bei, wala haujawahi kutuzuia kufika popote.

Nasisitiza habari ya karatasi, kwa maana hapa ndipo watu wengi huumia baadaye. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo auzaye, au awe na hati ya kisheria ya kuuza kwa niaba ya mwenyewe. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria. Tazama kama gari lina madeni ya faini za barabarani, kwani namba yake yatosha kuyaonyesha katika mtandao wa polisi. Hakikisha bima ni ya kweli. Kisha peleka uhamisho TRA upesi, kadi iandikwe jina lako. Gari ulilolinunua likibaki na jina la mwingine, siku akifa utabishana na warithi wake, na siku likigonga mtu, yeye ndiye atakayeitwa.

Sasa ni mwaka wa pili tangu tulinunue. Tumeweka sheria tatu nyumbani. Oili hubadilishwa kila kilometa 5,000, hata kama gari laonekana zima. Kila apandaye kwa shughuli yake huchangia petroli, hata mimi, hata mdogo wangu. Gari likienda na mtu mmoja hutumia zaidi ya nauli yake. Likienda na watatu au wanne, mafuta yake hulipika. Mwenye mgonjwa hachangii. Fedha hukaa kwa mke wangu katika kopo, na daftari lile lile la shule ndilo kitabu cha hesabu. Mwaka jana tulipolazimika kununua matairi manne, hatukuuza kitu wala hatukukopa kwa mtu. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kuyalipia, akarudi akijisifu kuwa gari letu lina akiba kuliko yeye mwenyewe.

Mama huketi mbele sasa. Hupenda dirisha liwe wazi, na akipita kwenye ile miembe mikubwa ya njiani husema kwamba babu yake alipita njia hii kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Juzi kijana mmoja wa kijijini, aliyelipwa tumbaku yake, alikuja kumwuliza mdogo wangu anunue gari gani. Nilikuwa nimekaa karibu, nikangoja nimsikie atakavyojibu. Akamvutia kigoda akamwambia, "Kaa kwanza. Una daftari?"