Siku mbili Bangkok kwa baht elfu moja



Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Nanunua nguo Bangkok, kule Thailandi, nakuja kuziuza hapa kwetu Lubumbashi. Nilikuwa nimekwisha kwenda mara tatu, na mara tatu nilirudi na mizigo salama. Lakini siku moja binti yangu wa miaka tisa aliniuliza: "Mama, Bangkok iko namna gani?" Nikafungua kinywa, nikakosa neno. Nilijua bei ya blauzi kwa dazeni, nilijua njia ya kutoka hoteli mpaka soko la Pratunam, nilijua mizani ya mtu wa kargo. Mji wenyewe sikuujua. Nikamjibu tu: "Kuna joto." Akanitazama kama mtoto aliyedanganywa.

Basi safari ya nne niliweka ahadi. Mtu wa kargo alifunga Ijumaa jioni mpaka Jumatatu. Zamani siku hizo mbili nilizilala, au nilizunguka madukani nikiongeza matumizi. Safari hii nikasema: nitaona mji.

Shida ilikuwa makuta. Sehemu ya fedha niliyobeba ilikuwa ya likelemba yetu, na fedha ya mwenzako si ya kutembelea. Ijumaa usiku niligawa kila kitu katika bahasha mbili. Ya mizigo niliifungia hotelini ndani ya sanduku la chuma, pamoja na pasipoti. Katika ya pili niliweka baht elfu moja, kama dola 30 hivi, niliyoitoa katika faida yangu mwenyewe. Zikiisha, nalala.

Jumamosi asubuhi mwenzangu mmoja alinishauri niende Chatuchak, soko kubwa la mwisho wa juma, lenye vibanda zaidi ya 15,000. Nilicheka. Vibanda ndivyo ninavyoviona juma zima! Nikashuka kwenye mfereji wa Saen Saep, ulio karibu kabisa na Pratunam. Miaka yote nilipita juu ya daraja lake bila kutazama chini. Pale kuna maboti marefu yanayobeba watu kama mabasi yetu. Unaruka ndani upesi, unashika kamba, mkusanyaji anakuja kukata tikiti akitembea pembeni mwa boti. Nililipa baht 12. Maji yake ni meusi na yananuka, siwafichi. Lakini nyuma ya nyumba niliona mambo ambayo barabarani hayaonekani: mama anayeanika nguo, bibi anayemwagilia maua katika makopo, watoto wanaooga.

Mwisho wa njia nikashuka kwenda Mlima wa Dhahabu, kilima cha hekalu linaloitwa Wat Saket. Kilima hiki kimejengwa na watu. Mfalme Rama wa Tatu alitaka kujenga mnara mkubwa pale, lakini udongo wa Bangkok ni laini, ukashindwa kuubeba, mnara ukaanguka. Rundo la matofali na udongo likabaki, likaota miti. Wafalme waliomfuata hawakuling'oa. Waliliimarisha wakajenga hekalu dogo juu yake. Nilipanda ngazi zaidi ya 300, nikipumzika kila zamu, na juu nikauona mji wote mara moja: mapaa ya mahekalu, nyumba za mabati, na maghorofa marefu ya upande wetu wa Pratunam. Nikakaa nikifikiri juu ya biashara yangu ya kwanza, ile iliyoanguka. Kumbe rundo nalo linaweza kuwa msingi.

Chakula nilikula njiani. Mama mmoja alikuwa na kinu cha udongo na mchi wa mti, anatwanga papai bichi na pilipili, kitunguu saumu, ndimu na karanga. Chakula hicho kinaitwa som tam. Ule mlio wa mchi ulinisimamisha: ni mlio wa nyumbani, wa kutwanga sombe saa kumi jioni. Nilimwambia "mai phet", maana yake pasipo ukali wa pilipili. Akacheka, akatia pilipili moja tu, nami nikalia machozi hata hivyo. Wanakula na wali unaonata, unaukata kwa vidole, unaufinyanga kama bukari, unachovya. Niliponawa na kuanza kufinyanga, yule mama akaita jirani yake aje kuona mgeni anayejua kula. Hatukuwa na lugha moja, lakini tuliagana vizuri. Wanawake wa kule humalizia maneno yao kwa "kha", ndiyo heshima. Nikasema "khop khun kha", asante.

Jumapili niliamka kabla ya jua nikaenda Pak Khlong Talat, soko la maua ambalo halifungwi usiku wala mchana. Wanawake wameketi safu nzima wakitunga shada za yasmini kwa sindano ndefu, vidole vinakwenda vyenyewe. Watu wanazinunua kwa ajili ya sala, za kutundika mbele ya gari, za kumpa mama mzazi. Nilinunua moja, nikaivaa mkononi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikiwa natembea kwenda hekalu la Wat Pho, bwana mmoja aliyevaa vizuri alinisalimu kwa heshima. Akasema hekalu limefungwa kwa ibada mpaka mchana, lakini kuna pikipiki ya magurudumu matatu, tuktuk, itakayonitembeza mahali pengine kwa baht 20 tu. Mimi mfanyabiashara, mjanja wa soko, nikapanda! Tukaishia kwenye duka la vito, na wauzaji watatu wakanizunguka na pete. Nikashukuru Mungu kwamba bahasha ya likelemba ilikuwa hotelini. Niliondoka kwa miguu nikiulizauliza njia. Nilipofika Wat Pho mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia. Wamama, shikeni hili: kama mahali pamefungwa, mlango wenyewe utakuambia. Usimsikilize mtu wa njiani.

Kuingia ni baht 300, na ilinichoma kidogo. Lakini ndani kuna sanamu ya Buddha aliyelala, yenye urefu wa meta 46, imepakwa dhahabu tangu kichwa mpaka miguu. Nyayo zake zimepambwa kwa lulu ya kombe, alama 108. Ukutani kuna bakuli 108 za shaba, na watu wanatia sarafu moja moja, zinalia kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Mimi si wa dini yao. Niliingia kama mgeni katika nyumba ya watu: nimevua viatu, mabega na magoti yamefunikwa na kitenge changu. Jueni pia kwamba mwanamke hagusi mtawa, wala hampi kitu mkono kwa mkono.

Wat Arun, lile hekalu la ng'ambo lililopambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure, nililitazama kutoka ukingoni bila kulipa. Kisha boti yenye bendera ya rangi ya machungwa ikanishusha mto Chao Phraya kwa baht 16, na treni ya juu ikanifikisha bustani ya Lumphini, ambako kuingia ni bure. Kenge wakubwa wanaogelea mle ziwani na hakuna anayekimbia, isipokuwa mimi. Saa kumi na mbili kamili jioni wimbo wa taifa ulipigwa. Waliokuwa wakikimbia wakasimama, wazee, watoto, wauza maji, wote kimya. Nami nikasimama.

Hesabu yangu ni hii: viingilio baht 400, maboti, treni na ile tuktuk 140, chakula 260, shada 20. Jumla 820. Kwa zile 180 zilizobaki nilimnunulia binti vibanio vya nywele na daftari.

Kwa wale watakaosafiri: ombeni viza mapema, na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Thailandi huidai kwa watu wanaotoka kwetu. Gawanyeni bahasha kabla ya kutoka. Na mkipata hata nusu siku, msiimalizie kitandani.

Niliporudi, binti aliuliza tena. Safari hii nilianza na kinu cha yule mama, na alipolala nilikuwa sijafika hata Jumapili.