Meza ya Ushauri: Tawasifu ya Kazi katika Kituo cha Tamaduni Nyingi mjini Leicester

Tawasifu hii inahusu maisha ya kazi ya mwanamke mzaliwa wa Mombasa aliyeajiriwa katika kituo kimoja cha jamii mjini Leicester, katikati ya Uingereza, kwanza kama karani wa mapokezi, kisha mkalimani, na hatimaye mshauri wa masuala ya uhamiaji na ustawi wa jamii. Huyo ndiye atakayeitwa mwandishi katika kurasa hizi. Kituo chenyewe hakitatajwa jina, kwa kuwa vituo vya namna hiyo vilikuwa vingi mjini humo na yaliyotokea katika kimoja yalitokea katika vingine kwa tofauti ndogo. Kituo cha tamaduni nyingi, kwa maana inayotumika hapa, ni jengo linaloendeshwa na kamati ya wakazi kwa fedha za ruzuku ili kuwahudumia watu ambao asili zao ni chache katika nchi wanamoishi. Fasili hiyo haina kosa, ila haisemi kwamba wengi waliovuka kizingiti cha kituo walikuja wakiwa wameshika barua ya serikali wasiyoielewa, na kwamba ngoma, mapishi na mavazi, ambavyo ndivyo vilivyopigwa picha, vilikuja baadaye kama vilikuja.

Asili ya kazi hiyo iko Afrika Mashariki zaidi kuliko Uingereza. Waasia wa Afrika Mashariki, yaani watu wenye asili ya Bara Hindi, wengi wao Wagujarati, waliokuwa na maduka, viwanda na kazi za ofisini kutoka Mombasa hadi Kampala, walianza kuhamia Leicester kwa wingi katika miaka ya 1960, na Bunge la Uingereza likawajibu Waasia wa Kenya kwa Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1968, iliyopitishwa kwa siku tatu tu ili pasipoti ya Uingereza isitoshe tena kumruhusu mwenye nayo kuingia Uingereza. Miaka minne baadaye, mnamo Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na takriban watu 28,000 wakapokewa Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Wazee wengi aliowahudumia mwandishi walipenda kusimulia, kwa kicheko, kwamba tangazo hilo ndilo lililowajulisha kwamba mji huo upo.

Waliofika waliingia katika viwanda vya soksi, nguo za kufuma na mashine, nao wakakuta kwamba aliyekuwa na duka Jinja hakuwa na cha kuonyesha mbele ya msimamizi wa zamu. Mgomo wa kiwanda cha Imperial Typewriters, ulioanza tarehe 1 Mei 1974, ulifanywa na wafanyakazi Waasia, wengi wao wa kutoka Afrika Mashariki, waliolalamikia malipo ya ziada na upandishwaji vyeo, na chama chao cha wafanyakazi kilikataa kuwaunga mkono. Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Mwandishi hakuwapo, lakini aliusikia mgomo huo mara nyingi kutoka kwa wanawake walioshiriki, na kwa maoni yake ndio uliowafundisha watu wa kizazi kile kwamba wasipojiundia vyombo vyao wenyewe hakuna atakayewasemea.

Mwandishi aliajiriwa katikati ya miaka ya 1980 akiwa na cheti cha uhazili na Kigujarati cha dukani alichokiokota kwa majirani wa Mombasa. Wakati huo sehemu kubwa ya fedha za kuwahudumia wahamiaji ilipitia kifungu cha 11 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1966, kilichoziruhusu halmashauri kulipwa ruzuku kwa ajili ya watumishi waliohitajika kutokana na kuwapo kwa wahamiaji wa nchi za Jumuiya ya Madola. Msomali aliyekimbia vita hakuhesabika, kwa kuwa Somalia haikuwamo katika Jumuiya hiyo, na hali hiyo haikurekebishwa kisheria hadi 1993. Kwa hiyo karani wa mapokezi aliombwa aandike katika daftari nchi ya kila mgeni, na kamati ikajifunza upesi kwamba daftari hilo ndilo linaloleta fedha. Sensa ya 1991, ambayo ilikuwa ya kwanza nchini humo kuuliza kila mtu kabila au asili yake, ilizidisha mambo: mfanyabiashara aliyezaliwa Mbale na ambaye hajawahi kuiona India alijaza kisanduku cha Mhindi, na mjane wa Kisomali akabaki akiuliza kama Mwafrika mweusi ni yeye. Si haki kusema kwamba serikali ilizibuni jamii hizo, lakini mtu aliyekaa nyuma ya meza ya mapokezi aliziona zikinyooshwa pembe ili zitoshe katika fomu.

Lugha zilizotumika mezani hazikufuata visanduku hivyo. Wazee wa Kampala na Kisumu walikuwa na Kiswahili, na wakimbizi wa Kikongo waliofika baadaye walikuwa nacho, na hata baadhi ya Wasomali walikuwa wamekipata Mombasa au Nairobi njiani. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba lugha hiyo iliwaunganisha wote, na ripoti moja ya kituo iliandika hivyo. Mwandishi aliona jambo gumu zaidi. Kiswahili cha wazee wengi kilikuwa cha dukani na cha jikoni, kilichojaa amri, kwa sababu walikuwa wamekitumia zaidi kuwaagiza wapishi, madereva na vibarua. Mwalimu wa shule kutoka Bukavu aliyeambiwa na mzee wa Kigujarati alete kiti, bila neno la adabu kabla wala baada, alikuwa akisemeshwa kama mtumishi wa nyumba iliyokwisha kunyang'anywa tangu 1972. Mzee hakukusudia ubaya, na alishangaa kuona uso wa mwenzake ukibadilika. Wapo waliojirekebisha wakaanza na shikamoo au habari za asubuhi, na wapo ambao hawakujirekebisha kamwe, nao waliendelea kuhudumiwa vilevile.

Ukalimani, yaani kufasiri kwa mdomo kati ya watu wawili wasioelewana, ulikuwa na kanuni moja ambayo kituo kiliisimamia kwa ukali: mtoto asimkalimanie mzazi. Sababu si usahihi tu, maana watoto wengi walikijua Kiingereza vizuri kuliko wafanyakazi wa kituo. Sababu ni kwamba mama hawezi kumweleza daktari habari za mwili wake kupitia kinywa cha mwanawe, wala baba hawezi kukiri deni mbele ya binti yake kisha akabaki baba nyumbani. Hata hivyo ofisi nyingi ziliendelea kuwatumia watoto, kwa kuwa hawalipwi.

Sheria ya Uhamiaji na Ukimbizi ya 1999 iliibadilisha kazi kuliko jambo lolote jingine. Waomba hifadhi, yaani watu wanaosubiri kuamuliwa kama ni wakimbizi, walitawanywa nje ya London kwa amri ya serikali, na Leicester ukawa miongoni mwa miji iliyowapokea. Badala ya fedha walipewa kwa sehemu kubwa vocha, na maduka hayakurudisha chenji, hivyo mtu alipaswa kupiga hesabu ya unga na maziwa mpaka senti ya mwisho au aipoteze. Mpango huo ulifutwa 2002 baada ya kulalamikiwa sana. Sheria hiyohiyo ilifanya kuwa kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa na kamishna maalumu, ambaye aliwapanga washauri katika ngazi tatu, kuanzia kujaza fomu hadi kumwakilisha mtu mbele ya baraza la rufaa. Mwandishi alifanya mtihani wa ngazi ya kwanza na baadaye wa pili. Baadhi ya wenzake, waliokuwa wameshauri watu kwa miaka kwa busara kubwa, hawakuupenda mtihani huo, na kituo kikawapoteza, jambo ambalo mwandishi bado analiona kuwa hasara ingawa anaitetea sheria yenyewe, maana matapeli walikuwa wengi.

Baada ya ghasia za 2001 katika miji ya Oldham, Burnley na Bradford, serikali ilianza kuzungumzia mshikamano wa jamii, na tume iliyoripoti 2007 ilipendekeza ruzuku zisitolewe kwa kawaida kwa makundi ya asili moja. Sherehe za pamoja zikaongezeka, kwa kuwa ndizo zilizothibitisha mshikamano kwa mfadhili. Meza ya ushauri, ambako Mhindu, Mwislamu na Mkristo walikaa foleni moja wakiulizana habari za barua zao, haikuwa na picha nzuri ya kuonyesha, na mwaka 2013, msaada wa kisheria wa serikali ulipoondolewa katika kesi nyingi za uhamiaji na za posho, foleni hiyo ilirefuka huku fedha zake zikipungua.

Mwaka 2018 ilifichuliwa kwamba wakazi wa muda mrefu kutoka Karibi walinyimwa kazi, matibabu na hata kufukuzwa nchini kwa kukosa hati za kuthibitisha kwamba waliingia kihalali kabla ya 1973. Wachache Leicester waligundua mapema kwamba mpango wa fidia na hati uliofuata uliwagusa pia wana wa Jumuiya ya Madola kutoka Afrika Mashariki, wakiwamo waliotua miezi michache tu kabla ya tarehe hiyo ya mwisho. Vikongwe wakaleta mifuko ya kadi za mshahara za viwanda vilivyokwisha kufungwa, na mwandishi akajikuta akiipanga historia ya mji mzima kwa mwaka mmoja mmoja juu ya meza.

Kisha, Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, wakaja mezani Wagujarati wa Daman na Diu, makoloni ya zamani ya Ureno, wenye pasipoti za Kireno, pamoja na Wasomali wenye uraia wa Uholanzi na watoto wanaosema Kiholanzi. Wote walitakiwa kuomba hadhi mpya kufikia tarehe 30 Juni 2021, na waliopewa hawakupata hati ya karatasi ya kuithibitisha, kwa kuwa hadhi hiyo imo katika tovuti ya serikali tu. Vibali vya wahamiaji wengine vilifuata mkondo huohuo, na kadi zao zilikoma kutolewa mwishoni mwa 2024. Mwandishi alikuwa amekwisha kustaafu, lakini huitwa kituoni kwa kujitolea, na kazi anayopewa sasa ni kuwatafutia wazee anwani za barua pepe walizofunguliwa na wajukuu, maana mjukuu akibadilisha simu bibi hawezi kuonyesha kwamba ana haki ya kuishi katika nyumba aliyoinunua 1979.