Moshi wa Malori na Kapu la Sokoni

Watu wengi hudhani kwamba habari za malori ni za madereva, mafundi na matajiri wenye magari. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Kagarama, katika Wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, nami naziona habari hizo zikiingia jikoni mwangu kabla sijawasha jiko. Rwanda haina bahari. Mchele, mafuta ya kula, sukari na ngano hutoka bandari ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,500 kupitia Rusumo, au hutoka Mombasa kupitia Uganda, njia iliyo ndefu zaidi. Hata dizeli yenyewe hufika kwa lori: gari linachoma mafuta njia nzima ili lituletee mafuta. Bei yake ipandapo, mwenye duka hana pengine pa kuutua mzigo huo ila katika kapu langu.

Iko na gharama ya pili, isiyoandikwa dukani. Barabara iendayo Bugesera, ambako uwanja mpya wa ndege unajengwa, haiko mbali nasi. Malori ya mchanga, saruji na nondo hupanda kilima kwa gia ndogo, yakiacha nyuma wingu jeusi. Majirani zangu hawaaniki shuka nyeupe upande ule. Siwezi kusema kwamba kila kikohozi cha mtoto chatokana na lori. Lakini mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa huleta saratani kwa binadamu. Hilo si jambo la kupuuzwa na mzazi.

Mwaka huu mambo haya mawili, bei na moshi, yalikutana nyumbani kwetu. Mdogo wangu, tuliyelelewa pamoja Nyamirambo, ameendesha tela la mtu mwingine kwa miaka 14. Alitaka kununua lori lake mwenyewe, kuukuu, la dizeli. Fedha zake hazikutosha, akaniomba akiba niliyoiweka katika chama chetu cha kuweka na kukopa kwa ajili ya karo ya watoto.

"Dada," alisema, "lori hili litalipa karo hiyo mara mbili."

Nilimwuliza kwa nini asifikirie gari la umeme, kwa kuwa huko China malori mazito ya umeme yanauzwa kwa maelfu. Alinijibu kwa upole, lakini bila kuyumba. Je, kati ya Kahama na Singida atachaji wapi? Betri ya lori zito ina uzito wa tani kadhaa, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haimruhusu mtu kupita tani 56, gari na mzigo pamoja. Basi kila tani ya betri ni tani ya mzigo iliyopotea. Tena bei ya gari jipya la namna hiyo haikopesheki kwa mtu kama yeye. Hayo yalikuwa maneno ya haki, wala sikuyabisha.

Hata hivyo, si safari zote zilizo ndefu. Tangu mwaka 2019 iko bandari kavu kule Masaka, katika wilaya yetu hii, ambako makontena hufunguliwa na bidhaa kusambazwa madukani. Lori la kazi hiyo huzunguka mjini mchana, na usiku hulala pale pale. Kwa gari la namna hiyo, umeme wafaa kabisa. Milima yetu, ambayo huula mafuta ya dizeli wakati wa kupanda, humrudishia mwenye umeme sehemu ya nguvu wakati wa kuteremka, kwani mota yake hufanya kazi ya breki na kuchaji betri. Tumekwisha kuyaona haya kwa pikipiki: vijana wetu hubadilisha betri kituoni kwa dakika chache na kuendelea na kazi, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria haziandikishwi tena Kigali.

Umeme nao twautengeneza wenyewe. Si wote ulio safi, lakini mwingi hutokana na maji, na mwingine na gesi ya Ziwa Kivu. Pale Rusumo, ambapo madereva hungoja karatasi zao zipigwe muhuri, maporomoko yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Dizeli yote, kinyume chake, hununuliwa nje kwa fedha za kigeni.

Kati ya dizeli chafu na umeme, ipo hatua ya katikati. Tangu mwaka 2015 kanuni za Jumuiya zinataka salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni. Jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu salfa nyingi huharibu vichujio vya moshi vya magari ya kisasa. Lakini kutia mafuta hayo katika injini iliyochoka, isiyo na kichujio, ni sawa na kutia maji safi katika mtungi mchafu.

Basi nilimpa mdogo wangu masharti matatu. Kwanza, gari liwe na kichujio kizima, likaguliwe na fundi tutakayemchagua pamoja. Pili, deni liishe katika miaka mitatu, lisije likatufunga kwenye dizeli wakati wenzetu wamekwisha kuiacha. Tatu, katika kila safari atenge sehemu ya faida kwa ajili ya lori dogo la umeme la kusambaza bidhaa mjini. Mawili ya kwanza aliyakubali papo hapo. La tatu tulibishana juma zima, maana aliliona kama kumnyima chakula kinywani; mwishowe alikubali, ingawa hakufurahi. Magari mawili aliyoletewa tumeyakataa, kwa kuwa fundi alikuta vichujio vimeng'olewa. Bado anatafuta, na karo ya Septemba ingali salama.

Akina mama wenzangu, mara nyingi tunaitwa kutoa akiba zetu wakati shauri limekwisha kukatwa. Haifai. Mume, kaka au kijana akileta habari ya kununua gari la mizigo, tuketi naye na tuulize: litakwenda njia gani, litalala wapi, litatoa moshi gani, na deni lake litaisha lini? Lori linunuliwalo leo laweza kukaa barabarani miaka 15, na moshi wake utavutwa na watoto ambao bado hawajazaliwa.