Mwendo Hauangalii Sare

Mimi ni dereva wa basi la abiria, njia ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Ushuhuda huu nautoa kwa madereva wenzangu, na kwa askari pia, kama watapenda kuusikia.

Kwa miaka mingi sikuogopa mwendo, niliogopa tochi ya askari ya kupima mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inajulikana: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na malori mazito nje ya makazi. Lakini huku barabarani tulikuwa na yetu. Mwenzako akikuwashia taa, ujue askari wako mbele, punguza. Ukishawapita, kanyaga. Abiria nao hawakuwa nyuma: "Suka, twende bwana, tunalala njiani!"

Kilichotupa kiburi zaidi ni magari ya askari wenyewe. Yanakuovateki bila king'ora wala taa ya dharura, na ukiyakuta mbele yameegeshwa, watu wanakunywa chai. Siku moja naandikiwa faini, gari lao likapita kwa kasi inayozidi ile niliyokamatiwa. Nikamuuliza aliyenisimamisha, "Afande, na lile je?" Hakuinua hata uso. "Lile halikuhusu. Leseni." Nililipa shilingi 30,000 na kuondoka nikiamini kwamba kikomo cha mwendo ni cha wanyonge.

Kikaja kifaa cha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), kile cha kufuatilia mwenendo wa basi. Ukizidisha mwendo kinapiga mlio, na taarifa inabaki. Tulikiita mmbea. Tulipopelekwa mafunzoni, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: mbona askari hawafungiwi?

Mkufunzi hakukasirika. Alitusimulia kisa cha Florida, Marekani. Oktoba 2011, askari wa kike wa doria ya barabara kuu alimfukuzia na kumfunga pingu polisi wa Miami aliyekuwa akiendesha gari la kazi kwa zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Hakukuwa na dharura. Alikuwa anawahi kibarua chake cha nje ya zamu. Baadhi ya askari walimgeukia yule mama, wakamwandama kwa vitisho. Ndipo gazeti la Sun Sentinel likachukua kumbukumbu za vituo vya kulipia barabara: gari limepita hapa saa fulani, pale saa fulani, umbali unajulikana, piga hesabu. Wakapatikana mamia ya askari waliokuwa wakikimbia kupita kiasi, wengi hata wakiwa nje ya zamu. Yule polisi alifukuzwa kazi, na mwaka 2013 gazeti likapata Tuzo ya Pulitzer.

Tulishangilia. Mkufunzi akasubiri tunyamaze, kisha akauliza: "Sasa askari akishakimbia, basi lako linasimama karibu zaidi?"

Hapo nilikosa jibu. Akaandika hesabu ubaoni. Kwa mwendo wa 80, basi linakwenda mita 22 kila sekunde, kabla mguu haujagusa breki. Kwa 110 ni zaidi ya mita 30, na masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki yanakaribia kuwa mara mbili. Na faida? Katika kilomita 100, anayekwenda 100 badala ya 80 anaokoa dakika 15, ambazo foleni ya mizani inaweza kuzila zote.

Nikaikumbuka Mikumi. Barabara inakata hifadhi kwa takribani kilomita 50, na pale tunapunguza sote kwa kuogopa faini ya kumgonga mnyama. Tukishatoka hifadhini, tunaingia vijijini kwenye watoto wa shule, tunaongeza mwendo. Swala tulikuwa tunamheshimu kuliko mtoto wa mtu.

Tangu hapo naenda 80, kuwe na tochi kusiwe na tochi. Abiria akilalamika namwambia, "Mzee, tutafika." Taa za kuwatahadharisha wenzangu siwashi tena, kwa sababu sijui ninayemsaidia kukimbia atamkuta nani mbele.

Lakini hoja yangu ya mafunzoni sijaifuta. Magari ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa yana ruhusa yake katika dharura, na ni haki. Kwenda kunywa chai si dharura. Nawaomba wakubwa wa polisi: kifaa kilichofungwa kwenye basi langu kifungwe na kwenye magari yenu, na anayezidisha bila sababu aandikiwe kama mimi. Askari anayekimbia ovyo anamharibia kazi mwenzake aliyeshinda juani na tochi.

Na wewe dereva mwenzangu, dai haki hiyo pamoja nami, ila usiisubiri ndipo upunguze mwendo. Usukani wa askari hauko mkononi mwako. Wako uko.