Fahali Wawili Katika Waya Mmoja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Msomaji mpendwa, methali hii ina ukweli hata ndani ya kompyuta.

Kompyuta nyingi za miaka ya 1990 zilitumia diski ngumu za aina ya IDE. Waya mmoja bapa ulibeba diski mbili. Ili zisigombane, moja iliwekwa kuwa bwana na nyingine mtumwa, kwa kuhamisha kijipande kiitwacho jampa kilicho nyuma ya diski. Zote zikiwa mabwana, kompyuta huchanganyikiwa: pengine huona moja, pengine haioni hata moja.

Hapa kwetu Woodley, karibu na barabara ya Joseph Kang'ethe, mjomba wangu hutengeneza kompyuta. Likizo ya Agosti mwaka wa 2025, jirani yetu mjane alituletea diski kuukuu ya marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na picha za arusi yao. Fundi mmoja alikuwa amemwambia ati imekufa, aitupe tu.

"Mwanangu, jaribuni. Sina picha zingine," alisema kwa unyonge.

Tuliiunganisha na diski ya mjomba. Wapi! Kioo kikabaki cheusi tititi. Maskini mama akashika tama. Mjomba hakubabaika.

"Zima stima kwanza," aliniagiza.

Tulizichomoa zote, tukazijaribu moja moja. Kila moja ikiwa peke yake, ilizunguka na kuonekana vizuri. Kumbe ugonjwa haukuwa katika diski bali katika ujirani wao! Tukasoma karatasi zilizobandikwa juu yake: zote mbili zilikuwa mabwana. Mjomba akahamisha jampa ya mgeni, akawa mtumwa. Tulipowasha, picha zilijitokeza. Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Kabla ya lolote lingine, tulimnakilia zote.

Diski za SATA, zilizoingia mwaka wa 2003, kila moja ina waya wake wala hazina ubwana na utumwa. Hata hivyo, dawa ni ile ile. Zima stima, kagua nyaya, chomoa zote kisha urudishe moja baada ya nyingine hadi umjue mkorofi. Na kompyuta ikikuuliza kama ifomati diski ya mtu, kataa katakata! Haraka haraka haina baraka, na kumbukumbu ya marehemu haiuzwi dukani.